Gari imepita MOT sawa, ila vile vimistari vya chini umevisoma?

Binamu yangu alinitumia picha nne za Honda Jazz ya 2011 saa tano usiku, rangi ya bluu, imeoshwa mpaka inang'aa, chini kaandika "kaka hii imepita MOT juzi tu ina miezi 12 mizima, kesho naenda kulipa". Nikamuuliza advaisori, yale maelezo ya mkaguzi yanayoandikwa chini ya cheti, zinasemaje. Akajibu "ah zile si ushauri tu". Hilo neno "tu" ndo limenifanya nikae niandike haya, manake Waswahili wengi tulioko huku Uingereza, na siku hizi hata ndugu zetu wa Nairobi na Mombasa wanaoagiza gari kutoka huku, tunaisoma ile karatasi kama matokeo ya darasa la saba, kapita au kafeli, tukiona kapita tumemaliza. Wakati mimi naona hilo neno "kapita" ndo lina habari kidogo kuliko vyote vilivyoandikwa pale.

Kwa ambao hawako huku, MOT ni ukaguzi wa gari wa kila mwaka, herufi zenyewe zinatokana na jina la Wizara ya Usafiri ya enzi hizo. Ulianza 1960 na ulikuwa wa gari zenye miaka 10 kwenda juu tu, wanaangalia breki, taa na stelingi basi, baadaye ukabanwa hadi leo gari ikifikisha miaka 3 tangu isajiliwe inaingia kwenye foleni kila mwaka. Ireland ya Kaskazini wao ni miaka 4 na wanapima kwenye vituo vya serikali, huku kwingine kote unapeleka gereji yoyote yenye leseni, chini ya usimamizi wa DVSA, wakala wa serikali wa viwango vya madereva na magari. Bei ya juu inayoruhusiwa kwa gari ya kawaida ni pauni 54.85. Ukikuta gereji inatangaza MOT kwa pauni 30 weka akiba ya swali hapo, nitalirudia.

Tangu tarehe 20 Mei 2018 matatizo yanawekwa kwenye mafungu. Kuna la hatari, hilo hata kuiendesha huruhusiwi mpaka itengenezwe, kuna kubwa, nalo unafeli, kuna dogo, unapita lakini unaambiwa rekebisha mapema. Halafu chini kabisa ndo kuna advaisori. Advaisori haihesabiwi kuwa kosa bado, ni mkaguzi anasema nimeona kitu, leo hakijafika pabaya, fuatilia na utengeneze ikibidi.

Hayo maneno "fuatilia na utengeneze ikibidi" mimi huwa yananichekesha kidogo. Afuatilie nani? Mkaguzi kaiona hiyo paipu kwa sababu gari iko juu ya lifti na yeye yuko chini na tochi, mimi naishi ghorofa ya pili, gari nalaza mtaani, nitafuatilia vipi paipu iliyopita juu ya ekseli ya nyuma, nilale lami mwezi wa kumi na mbili? Kwa hiyo kiuhalisia "fuatilia" kwa dereva wa kawaida inageuka kuwa "sahau mpaka mwakani". Na mwakani ukifika unakuta neno limebadilika, mwaka jana paipu ilikuwa na kutu, mwaka huu kutu imezidi, umefeli, na unashangaa eti gari ilikuwa nzima jana.

Sasa jinsi ya kuzisoma. Sentensi nyingi za advaisori zimejengwa kwa kiungo kimoja, "lakini". Diski ya breki imelika na ina vishimo lakini haijadhoofika sana. Bushi ya mkono wa sespensheni imeisha lakini haichezi kupita kiasi. Oili inavuja lakini si nyingi. Watu tunasoma baada ya lakini, tunapumua. Yule mkaguzi lakini yake ameiweka kwa sababu analinda mpaka wa kupita na kufeli, kazi yake ni kusema gari iko upande upi wa mstari siku ile saa ile, baada ya hapo hana habari na wewe. Mwenye gari ndo anatakiwa asome kilichoko kabla ya lakini, halafu ajiulize swali ambalo karatasi haijibu hata siku moja, kwamba hiki kitu kimebakiza muda gani.

Na hapa ndo advaisori zinatofautiana kama mbingu na ardhi ingawa zimeandikwa kwa herufi moja, saizi moja, zimepangwa mstari mmoja mmoja kama vile zote ni ndugu.

Chukua tairi. Sheria ya huku inataka kashata za tairi ziwe na kina kisichopungua milimita 1.6, kwenye robo tatu ya katikati, mzunguko mzima. Tairi mpya inakuja na kama milimita 8. Sasa mkaguzi akikuandikia tairi ya mbele iko karibu na kikomo cha sheria, pengine imebaki milimita 2, umepita, hongera. Lakini piga hesabu. Tuseme tairi yako inapoteza milimita moja kila maili 4,000 na wewe unaendesha maili 10,000 kwa mwaka, hizo milimita 0.4 zilizobaki ni maili 1,600, hata miezi miwili haifiki. MOT yako ina miezi 12, tairi yako ina wiki nane. Na polisi akikusimamisha wiki ya tisa karatasi ya MOT haikusaidii kitu, manake sheria inataka gari iwe salama kila siku, siyo siku ya ukaguzi pekee, faini inaweza kufika pauni 2,500 na pointi 3 kwenye leseni, na hiyo ni kwa tairi moja, zikiwa mbili zidisha. Kwa hiyo advaisori ya tairi, kwangu mimi, ni kama umefeli ila umepewa muda wa kwenda kuchukua mshahara. Usipokuwa na kipimo tumbukiza sarafu ya peni 20 katikati ya kashata, ukiona ule ukingo wake wa nje haujazama kapime vizuri.

Halafu kuna advaisori ambayo haina haraka kabisa. Plastiki ya chini ya injini imefunika baadhi ya sehemu, hazikuonekana. Kiti cha mtoto kimefungwa kwa hiyo mkanda haukukaguliwa wote. Hizo ni mkaguzi anajilinda tu, kwamba sikuona msije mkanilaumu, haruhusiwi kufungua vitu. Nimewahi kuona mtu anakataa gari nzuri kabisa kwa sababu "ina advaisori tatu", kumbe mbili ni plastiki na kiti cha mtoto.

Katikati ndo kuna uwanja mpana, na katikati hapo kitu ninachokiogopa kuliko vyote ni paipu za breki. Leicester kuna mzee mmoja wa Kigujarati, alizaliwa Kisumu, Kiswahili chake ni kile cha gereji, kimenyooka hakina adabu nyingi. Siku moja aliniita chini ya gari yangu mwenyewe, akawasha tochi, akanionyesha kipaipu chembamba kama majani ya daftari yaliyosokotwa, kimekaa pale juu ya ekseli kina magamba ya kahawia. Akapitisha ukucha taratibu, gamba likadondoka. "Ona," akasema, "hii ndani iko oili ya breki, wewe unakanyaga pedeli, nguvu yote inapita hapa. Leo iko sawa. Baridi ikikuja wanamwaga chumvi barabarani, chumvi inakula." Mwongozo wa wakaguzi unasema paipu inafelisha ukuta wake ukipungua theluthi moja, na theluthi yenyewe kwa paipu ya kawaida ni kama robo milimita. Robo milimita jamani! Na inapimwa kwa jicho na kukwangua kidogo. Nilibadilisha wiki ile ile, manake kitu kama kile hakikupi mlio wa kukuonya, siku ikipasuka unakanyaga pedeli inazama mpaka kwenye zulia.

Chumvi hii watu wa nyumbani hawaijui vizuri. Sisi Dar na Mombasa tunajua kutu ya upepo wa bahari, huku ni barabara yenyewe inatiwa chumvi kila theluji inapotishia, inarushwa chini ya gari miezi minne mitano, ndo maana gari ya Uingereza unaweza kuikuta bodi kama imetoka kiwandani lakini chini imekuwa biskuti. Kwa hiyo neno kutu kwenye advaisori litazame limeshikamana na nini. Kutu kwenye springi kwa juu juu si sawa na kutu kwenye chesisi karibu na pale sespensheni inapofungwa.

Kuna kitu kingine kidogo wengi hawajui, zile namba zinazofuata kila sentensi. Namba ya kwanza inakuambia uko mlango gani wa mwongozo. 1 ni breki, 2 stelingi, 3 kuona, yaani vioo na waipa, 4 taa na umeme, 5 ni ekseli, matairi na sespensheni, 6 bodi na muundo, 7 mikanda na vifaa vingine, 8 ni kelele, moshi na kuvuja. Mtu asiyejua gari hata kidogo akiona mistari inayoanza na 1, 2 na 5 aamke, akiona 8 yenye oili kidogo asikimbie, Waswahili tumeendesha gari zinazovuja oili maisha yetu yote. Na ukikutana na nearside ni upande wa kando ya barabara, yaani kushoto, offside ni upande wa dereva, na kwa vile Kenya, Tanzania na Uganda tunaendesha kushoto kama wao haikuchanganyi.

Turudi kwenye pauni 30. Gereji inayopima kwa hasara lazima ile mahali, na mahali penyewe ni matengenezo, yule anayekuandikia ugonjwa ndo huyo huyo anauza dawa. Sisemi wote wezi, wengi ni waaminifu na DVSA inaweza kumnyang'anya mtu leseni, ila mfumo umekaa hivyo. Mwaka mmoja nilipeleka gari gereji moja sitaitaja, nikatoka na advaisori saba na kikaratasi cha pauni 640 kimeshaandaliwa kabla sijamaliza chai, wananiambia springi zote nne zibadilishwe, zina kutu. Nikaenda kwa mzee wa Kisumu. Akashika springi, akasugua na kitambaa, kutu ikabaki kwenye kitambaa, chuma kikaonekana. "Nenda nyumbani," akasema. Miaka miwili baadaye springi ni zile zile na bado zinapita. Sasa utaona mstari mmoja wa kutu, kwa paipu mzee alinitisha, kwa springi alinicheka, karatasi ilikuwa imeandika kwa sauti ile ile mara zote mbili. Ukitaka mtu asiye na dawa ya kuuza, tafuta kituo cha MOT cha halmashauri ya mji wako, viko, wananchi wanaruhusiwa, na vingi havitengenezi gari za wateja kabisa, kwa hiyo hana faida akikuandikia sana wala akikuandikia kidogo.

Lakini advaisori ya mwaka mmoja bado ni nusu ya habari. Utamu uko kwenye kuzisoma mfululizo. Tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk, ukiingiza namba ya gari tu inakutolea MOT zote kurudi nyuma hadi 2005, bure, hata kama gari si yako, na maili zilizosomwa kila mwaka, ilifeli nini, ilishauriwa nini. Hapo husomi gari tena, unamsoma mwenye gari. Advaisori imetokea mwaka mmoja, mwaka unaofuata haipo, ikatokea nyingine, haipo, huyu mtu anatengeneza. Advaisori ile ile imekaa miaka mitatu inapanda ngazi polepole, huyu anaendesha mpaka afelishwe. Na kuna ile ya tairi ya mbele kulika upande mmoja, mwaka huu, mwaka kesho, mwaka kesho kutwa, tairi zinabadilishwa na tatizo linarudi kwa ukingo ule ule, hapo si tairi, ni alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooshwa sawa, au kuna kitu kimepinda huko ndani na mtu anatibu homa kwa kubadilisha shuka.

Basi usiku ule nikaingiza namba ya ile Jazz. 2021 paipu za breki nyuma zina kutu. 2022 zina kutu, na bushi ya kushoto imeanza. 2023 zina kutu na zimepakwa grisi. Kupaka grisi kunaweza kuwa mtu anazilinda, kunaweza kuwa mtu anazificha, mkaguzi anaandika tu kwamba zimefunikwa. Halafu 2024 ukurasa mweupe, hakuna mstari hata mmoja. Binamu alifurahi, mimi ndo nilishtuka, kutu haiponi yenyewe, kwa hiyo ama zimebadilishwa, ama mkaguzi wa mwaka huo alikuwa na haraka. Nikamwambia kabla hujalipa omba risiti ya paipu. Muuzaji hana risiti, anasema breki ziko poa we zijaribu. Tukambembeleza aje nayo mpaka kwa mzee, akakubali, ikapandishwa, mzee akamulika. Paipu mpya, rangi ya shaba, toka mbele mpaka nyuma. Yule bwana kweli alitengeneza, karatasi hatunzi tu. Binamu alinicheka mpaka nyumbani na ile Jazz anayo mpaka leo. Nilikosea kuhusu gari, lakini hata angekuja mwingine leo na ukurasa mweupe baada ya miaka mitatu ya kutu ningemtuma aulize hilo hilo.

Kwa ndugu zetu wa Kenya hii kitu ni dhahabu na naona haitumiki. Gari iliyotumika haiingii Kenya ikiwa imezidi miaka 8, na inakaguliwa huku kabla ya kupakiwa, sawa, lakini ule nao ni ukaguzi wa siku moja, unasema leo iko hivi. Gari ya miaka 7 iliyotoka Uingereza itakuwa na MOT nne hivi, manake ya kwanza ni mwaka wa tatu, na hizo nne zote ziko wazi kwa mtu aliyekaa Kisauni na bando la shilingi hamsini. Kinachotakiwa ni ile namba ya Uingereza, siyo namba ya Kenya, na ikishasajiliwa upya ile ya zamani inapotea kwenye mazungumzo, muuzaji anakwambia sijui, zilitupwa bandarini.

Mpwa wangu wa Nairobi alipokuwa anatafuta Discovery, yadi walimwambia hivyo hivyo, namba haipo. Nikamwambia inua zulia la buti uangalie chini yake. Akakuta kibao cha namba cha Uingereza, kile cha njano cha nyuma, kimelala pale kimepinda. Akanipigia picha, lakini nikakataa kumsomea, nikamtumia linki, nikamwambia ingiza mwenyewe. Dakika kumi kimya. Halafu zikaanza kuingia skrinshoti moja baada ya nyingine, diski za nyuma zimelika mara mbili mfululizo, mwaka wa tatu hazipo tena, tairi, bushi ya mkono wa chini kulia, halafu ukurasa wa mwisho kauzungushia duara nyekundu si kwenye advaisori bali juu yake, pale pa maili. "Mjomba hapa wameandika maili 61,000," kasema, "na tangazo la yadi linasema kilomita 61,000. Hawa wamesoma dashibodi ya Mzungu kwa Kiswahili." Kilomita 98,000 na ushee hizo. Akarudi ofisini kwao na simu mkononi.